Ardhi ya kijiji ilipozungushiwa ua Uingereza: aliyeumia ni kibarua au mkewe?

Kibaba (mleta mada)
Wadau, kati ya 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kugawa na kuzungushia ua ardhi za pamoja ziwe mali ya watu binafsi, eka milioni 6.8 hivi. Wengi hupima hasara ya kaya ya kibarua kwa kutazama ujira wa mume. Mimi nasema hapo ndipo hesabu inapoharibika, kwa sababu kilichopotea kilikuwa kikipita mikononi mwa mke. Karibuni mnipinge.

Mizani
Nakupinga, mkuu. Haki ya malisho haikuwa ya kila mkazi. Ilifungamana na shamba au nyumba fulani, na mara nyingi mwenye haki alikuwa mwenye nyumba, si kibarua aliyepanga. Ng'ombe naye alitaka mtaji wa ujira wa miezi kadhaa, pamoja na majani makavu ya kumvusha majira ya baridi. Vibarua wengi hawakuwa na ng'ombe hata kabla ya ua. Atapotezaje asichokuwa nacho?

Kibaba
Ng'ombe nakuachia. Tazama matumizi ya ndani. David Davies, mchungaji wa parokia ya Barkham, Berkshire, aliandika hesabu za kaya za hapo akazichapisha 1795. Chukua kaya ya mume, mke na watoto watano. Kwa wiki: unga galoni 7½ kwa peni 10 kila galoni, yaani shilingi 6 na peni 3, hamira na chumvi peni 4, ratili moja (karibu nusu kilo) ya nyama ya nguruwe ya chumvi, ya kuchemshwa mara mbili tatu na mboga, peni 8, chai, sukari na siagi shilingi 1, sabuni peni 2¼, mishumaa peni 3, uzi peni 3. Jumla shilingi 8 na peni 11¼ (shilingi yao ni peni 12).

Mapato: mume shilingi 8 ukisambaza malipo ya kazi za kipande mwaka mzima, mke peni 6. Pengo ni peni 5¼ kila wiki, na hapo bado pango, nguo, uzazi na vya kuwashia moto.

Galoni ya unga ni ratili 7, kwa hiyo walikula kama kilo 24 kwa wiki, na asilimia 70 ya matumizi iliishia kwenye unga. Zile peni 6 za mke ni za kupanda maharage, kuanika majani na mavuno tu. Alichookota hakimo.

Suke
Kibaba, ukisema "alichookota" utenganishe. Masazo ya masuke hayakuokotwa kwenye ardhi ya pamoja bali kwenye shamba la mtu, baada ya mavuno. Mwaka 1788 kesi ya Steel dhidi ya Houghton, iliyomhusu Mary Houghton wa Timworth, Suffolk, iliamua kwamba hiyo si haki ya kisheria. Jaji Gould alipinga uamuzi akitaja Mambo ya Walawi (wasomaji wa Ruthu mtamwelewa), ila alizidiwa kura. Hata hivyo wanawake waliendelea kuokota karne nzima iliyofuata.

Utaratibu ulikuwa huu. Mganda wa mwisho ukibaki shambani, hakuna kuingia. Ukiondolewa, kengele ya kanisa inalia, wote wanaanza pamoja ili mwenye mtoto mchanga asipunjwe. Masuke yenye mabua marefu hushikwa mkononi hadi kitita kijae, kisha hufungwa. Yaliyokatika huingia mfuko wa aproni. Nyumbani ni kupura kwa fimbo, kupepeta upepo ukivuma, kupeleka kinuni. Frederick Eden, mtafiti wa hali ya maskini, akiandika 1797 kuhusu kijiji cha Roade, Northamptonshire, alisema familia kadhaa zilipata ngano ya mkate wa mwaka mzima.

Kilichoharibu ni mambo matatu: mvua, maana ngano iliyochipua hutoa mkate unaonata katikati, mwenye shamba kupitisha reki ya farasi au kuingiza nguruwe mapema, na shamba la ngano kugeuzwa malisho ya kondoo. Hilo la tatu ndilo linaloungana na ua. Mawili ya kwanza hapana.

Mizani
Naam, Suke kanisaidia.

Kibaba
Kakusaidia nusu. Vya kuwashia moto vilitoka kwenye ardhi ya pamoja hasa. Barkham kibarua aliweza kukata udongo wa mizizi, ule wa kukausha na kuchoma, wa kutosha mwaka mzima kwa kazi ya wiki moja. Vichaka na matawi waliokota mke na watoto. Ua ukifungwa, kuni zinunuliwe. Zisiponunulika, tanuri halipati joto, mkate unanunuliwa kwa mwokaji, na chakula cha moto ni chai nyepesi. Matajiri walilalamika kwamba maskini wamezoea anasa ya chai. Davies akawajibu kwamba maziwa yalikuwa shida kupatikana.

Mizani
Lakini parokia, iliyokuwa ikitoza kodi ya kuwasaidia maskini wake, ilifidia. Mei 1795 mahakimu wa Berkshire walikutana Speenhamland wakaweka kipimo: mkate wa galoni (wa galoni moja ya unga) ukiwa shilingi 1, mume apate shilingi 3 kwa wiki, mke na kila mtoto shilingi 1 na peni 6. Kaya yako ya watu saba inafika shilingi 12. Ujira usipotosha, parokia inaongeza.

Kibaba
Kipimo hicho kilipanda na kushuka kwa bei ya mkate peke yake. Nionyeshe kuni zimo mstari gani.