Tupeane uzoefu: Nyumba mliyochangia bila kulingana ikiuzwa, pesa mnagawaje?

MwanaUyole: Wakuu, nyumba nyingi za hapa Mbeya hujengwa hivi: dada ana kiwanja, kaka analeta tofali na bati, mdogo wao anatuma pesa ya fundi kutoka Dar. Ugomvi unakuja siku ya kuuza. Wenye kujua, wekeni hesabu kamili.

Kihesa Juu: Toeni gharama kwanza: dalali, wakili, mthamini, deni la maji, kodi ya ardhi, na kodi ya faida ya mauzo inayokusanywa na TRA (Mamlaka ya Mapato). Kwa mkazi wa Tanzania ni 10% ya faida. Asiye na kumbukumbu za gharama zake, 3% ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, yoyote iliyo kubwa. Mkigawana bei ya mkataba kabla ya haya, mwenye jina kwenye hati ndiye atakayefuatwa peke yake, na wenzake wameshatumia.

Mama Forest Mpya: Kosa kubwa ni kujumlisha shilingi za miaka tofauti. Chukua mfano. Dada alinunua kiwanja 2011 kwa milioni 6, kaka akajenga 2018 kwa milioni 24. Ukijumlisha tu, dada ana 20% na kaka 80%. Nyumba imeuzwa milioni 70, baada ya gharama zimebaki 65: dada milioni 13, kaka 52.

Sasa mwite mthamini aliyesajiliwa, mwambie atenganishe ardhi na jengo. Akikuta kiwanja peke yake kina thamani ya milioni 28 kati ya 70, hiyo ni 40%. Dada anapata 26, kaka 39. Milioni 13 zimehama, na hakuna aliyedanganya! Ardhi imepanda kwa kasi kuliko jengo. Mimi nasimama na njia hii ya pili, kwa sababu kila mmoja anabeba kupanda na kushuka kwa kitu alichotoa. Ila mkubaliane njia kabla mnunuzi hajapatikana. Bei ikishajulikana kila mtu atachagua hesabu inayomfaa.

Fundi Ipogolo: Naongezea kwenye fungu la jengo. Waliochangia vifaa, pigeni vyote kwa bei za tarehe moja. Tofali za kuchoma 8,000, tuseme shilingi 150 kila moja, ni milioni 1.2, hata kama alizifyatua mwenyewe na hana risiti. Msisahau msingi: kwenye viwanja vya mteremko mawe na saruji vinameza pesa nyingi, na kwa kuwa vimefukiwa hakuna anayevikumbuka. Rangi na kitasa alichobadilisha anayeishi humo si mchango, ni matumizi yake. Chumba kilichoongezwa ni mchango. Na aliyekuwa akipokea kodi ya wapangaji alete hesabu yake mezani.

MwanaUyole: Asante Mama. Kama kiwanja kilikuwa cha marehemu baba?

Mama Forest Mpya: Hapo anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto aliyejenga. Thamani ya ardhi inakwenda kwa warithi wote. Aliyeongeza jengo anadai thamani ya jengo.

Mzee wa Tukuyu: Wanandoa msitumie hesabu ya risiti peke yake. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 1983, Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kazi za nyumbani nazo ni mchango. Na nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, hata kama hati ina jina moja.

Kihesa Juu: Mkataba wa mauzo utaje kiasi cha kila mmoja na namba ya akaunti yake, mnunuzi aweke moja kwa moja. Akilipa kwa awamu, kila awamu igawanywe kwa asilimia zilezile. Msikubali "kaka achukue ya kwanza, wewe utasubiri ya mwisho", maana awamu ya mwisho ndiyo hukwama. Na hati ya asili ibaki kwa wakili mpaka shilingi ya mwisho iingie.