Tupeane uzoefu: Uliyeishi, kusoma au kufanya kazi na Wachina, mlifikia kuwa wenzenu kweli?

Wakuu, salaam.

Tangu serikali ipige marufuku wageni kufanya aina 15 za biashara ndogondogo, Julai 2025, habari za Wachina zimekuwa nani kamharibia nani soko. Machungu hayo nayajua, nami ni mfanyabiashara. Ila leo naomba tuongelee ujirani. Naanza.

Nachukua mabegi ya jumla Kariakoo. Kuna duka la Mchina asiyejua Kiswahili zaidi ya bei. Mkalimani wake ni binti yake, wa miaka kama tisa, anayefika jioni na sare za shule. Siku moja niliomba nipunguziwe elfu mbili kwa dazeni. Baba akajibu neno moja tu, macho yako kwenye kikokotoo. Mtoto akanigeukia: "Baba anasema samahani mama, hapo hapapungui, ila atakuongezea mfuko." Kisha akamrudia baba yake, wakabishana weee, mfuko ukatoka. Baba hakusema samahani wala mfuko! Kiswahili unaweza kujifunza darasani, lakini kujua kwamba mteja hajibiwi kavukavu, huyo amelelewa hapa.

Wa Mlimba:
Marehemu baba alikuwa kibarua wa reli ya TAZARA tangu ujenzi uanze 1970. Alisema Wachina walishika sururu kama wao, na ufundi wa kulehemu alifundishwa kwa kushikwa mkono, maana lugha haikuwepo. Lakini jioni kila mtu na kambi yake. Walilima mboga zao, wakapika vyao. Miaka mitano hakuwahi kukanyaga mlangoni kwa mmoja wao, wala wao kwake. Tulipohamia Dar alitupeleka Gongo la Mboto kwenye makaburi yao. Zaidi ya 60 walikufa kwenye kazi za reli. Alisimama pale muda mrefu, akatafuta jina la aliyemfundisha, akashindwa kusoma maandishi.

Wa Unguja:
Kwetu madaktari wao wapo tangu 1964, wanapokezana. Bibi alitibiwa na mmoja hospitali ya Mnazi Mmoja, akamzoea, akamfundisha kusema "pole bibi". Muda wake ukaisha, akaondoka. Bibi ilibidi aanze upya na mwingine.

Wa Dodoma:
Nilikuwa dereva wa tipa kwenye mradi wa barabara, kampuni siitaji. Kambi ina ukuta, sisi tunakula chini ya mwembe, wao ndani. Mwaka mzima! Mimi liliniuma, sifichi. Halafu nikafiwa na mama. Siku ya pili ya msiba nikamwona msimamizi wetu Mchina anashuka kwenye bodaboda, peke yake. Akavua viatu, akaketi mkekani na wanaume, akatoa rambirambi kwa mikono miwili, akala ubwabwa kwa mkono kama sisi. Hakujua la kusema, alikaa tu hadi magharibi. Niliporudi kazini chakula kilikuwa bado kule kule, wao ndani sisi nje. Ila yeye alitoka na bakuli lake, akaja mwembeni.

Mwanzisha mada:
Pole sana kaka, na asante. Wenye watoto wanaosoma na wa Kichina darasa moja, tuambieni: mapumziko wanacheza pamoja, au kila mmoja na wa kwao?