Nimepata kazi ya fundi AC Doha, nipo Mwanza: naombeni ushauri kabla sijasaini

FundiBarafu

Wakuu, shikamooni kwa wakubwa, wengine habari za jioni.

Nina miaka 27, naishi Igoma. Nilisoma chuo cha ufundi VETA hapa Mwanza, majokofu na viyoyozi (AC), na huu ni mwaka wa nne nipo kiwanda cha samaki, upande wa mitambo ya barafu na vyumba vya kugandishia minofu ya sangara. Mshahara haujapanda tangu niingie, na samaki wakipungua ziwani zamu nazo zinapungua.

Wiki iliyopita wakala mmoja wa Dar kanitumia mkataba WhatsApp: fundi AC, Doha kule Qatar, riali 1,600 kwa mwezi, malazi wanatoa, chakula juu yangu, miaka miwili. Anataka milioni mbili na laki tatu za kuharakisha viza. Mama yuko Misungwi, ameshasema atauza ng'ombe wawili.

Naomba aliyefanya kazi kule aniambie, kazini kukoje? Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Kazi naijua, ila naogopa kufika nikaonekana siijui.

Mzee_wa_Geji

Marahaba mdogo wangu. Nilifika Doha 2018, nikarudi 2023, sasa natengeneza friji Buzuruga. Naanza na hela kwa sababu mama bado hajauza.

Mwambie asiuze. Sheria ya Qatar inamkataza wakala kumtoza mfanyakazi hela ya kumtafutia kazi. Gharama hizo ni za mwajiri. Nenda ofisi ya kazi hapo mkoani na jina la huyo wakala, waulize kama amesajiliwa kupeleka watu nje. Nenda mwenyewe, usipige simu.

Sasa mkataba. Kima cha chini kule tangu Machi 2021 ni riali 1,000, na mwajiri asipotoa malazi anaongeza 500, asipotoa chakula anaongeza 300. Kwa hiyo hiyo "chakula juu yangu" waiandike vizuri: posho ya chakula ni riali ngapi, na ipo ndani ya hizo 1,600 au nje? Halafu uliza mshahara wa msingi peke yake ni kiasi gani. Hili wengi hawaliulizi. Kiinua mgongo chako kule ni mshahara wa wiki tatu kwa kila mwaka uliofanya kazi, na kinapigwa kwenye mshahara wa msingi, posho hazihesabiwi. Nimeona mtu kaondoka anadhani analipwa 1,600, kumbe msingi ni 1,000 na zilizobaki ni posho. Hela ipitie benki kila mwezi. Pasipoti ikae kwako. Mwajiri haruhusiwi kuishika. Zamani ulikuwa huwezi kuhamia kampuni nyingine bila barua ya mwajiri, ila tangu Septemba 2020 barua hiyo haihitajiki. Unatoa notisi ya mwezi mmoja kama hujavuka miaka miwili.

Hayo utayapata kwa wengi. La kazini ndilo nataka ulishike.

Mwezi wangu wa pili tulikuwa juu ya paa la jengo la ofisi, mashine zimepangwa mistari, za zamani na mpya. Fomani wetu, yaani msimamizi, alikuwa Mhindi wa Kerala, Kiingereza chake kinakimbia. Kaniambia nikaongeze gesi mashine namba kumi na sita. Mimi nikasikia sitini. Kwa Kiingereza namba hizo mbili zinakaribiana sana masikioni. Sikuwa na uhakika, lakini nikaitikia ndiyo. Unajua sisi tulivyolelewa, mkubwa akishatoa agizo humrudishi nyuma, unaitikia halafu unamtafuta mwenzako pembeni akufafanulie. Ni adabu nzuri nyumbani. Pale pembeni hapakuwa na mwenzangu wa kunielewa.

Nikabeba mtungi wa kijani, wa gesi ya R-22, nikafunga geji za kupimia presha kwenye mashine namba sitini. Ile ilikuwa ya gesi nyingine, R-410A, ambayo presha yake inazidi ya R-22 kwa zaidi ya nusu, na hata oili ya kompresa, ile pampu ya gesi, ni nyingine. Mkono wangu upo kwenye koki, kijana mmoja wa Nepal akanikamata kiganja, akanionyesha kibandiko ubavuni mwa mashine. Sekunde chache zaidi ningeharibu kompresa ya watu, na pengine ningerudishwa nyumbani.

Fomani aliambiwa. Hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu: kama hukuelewa, kwa nini ulisema ndiyo? Sikuwa na jibu. Usiku ule sikulala, nilikuwa najiona mjinga wakati gesi hizo zote mbili nazijua.

Kesho yake nikanunua daftari dogo la kuingia mfukoni. Kila agizo nikawa naliandika, halafu namsomea mwenyewe: mashine namba hii, ghorofa hii, gesi hii. Namba naionyesha kwa vidole. Siku za kwanza niliona namsumbua. Baada ya wiki tatu hivi akawa ananiita mimi kwanza kwenye kazi ngumu. Kwa hiyo Kiingereza cha kuungaunga kinatosha kabisa, mradi uweze kusema "sijaelewa, rudia" bila kuona haya. Anza kulizoea hilo hapohapo kiwandani kwako.

Maneno mengine utayakuta yanakungoja. Mhandisi wao wanamwita *muhandis*. Dawa, sabuni, kitabu, ukitamka Kiswahili chako Mwarabu anakuelewa. Mimi hilo lilinipa moyo sana siku za mwanzo.

Joto: sisi tumezaliwa mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari, upepo wa ziwa kila jioni. Kule Julai ni zaidi ya nyuzi 40 na unyevu juu yake. Tangu tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba kazi ya juani ni marufuku kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Ukipandishwa paani saa hizo, kataa.

Nyegezi_Stendi

Kaka hapo kwenye hela mimi natofautiana na wewe. Nililipa milioni 1.8 na nikafika salama, kazi ikawa ileile. Usipolipa anapewa mwingine.

Mzee_wa_Geji

Nashukuru Mungu ulifika salama. Ila niambie kweli, ilikuchukua miezi mingapi kuirudisha hiyo hela?

Nyegezi_Stendi

Saba. Niliikopa, na riba ilikuwa inakimbia.

Mama_wa_Mwaloni

Mwanangu FundiBarafu, mimi nauza dagaa Kirumba, mume wangu alikuwa Uarabuni miaka minne. Nasema upande wa tunaobaki.

Mwaka wa kwanza kila simu iliyopigwa kwake ilikuwa ya shida: ada, msiba, bati. Alikuwa anatuma mpaka anabaki anakula mkate na chai, na hakuniambia. Niligundua aliponitumia picha, mashavu yameingia ndani. Tukakaa kwenye simu tukapanga kiasi kimoja, tarehe moja, na ndugu wote wakaelekezwa kwangu. Niligombana na wifi zangu kwa ajili hiyo, lakini mume wangu akanenepa. Panga na mama kabla hujapanda ndege. Na siku ukiwa na huzuni mwambie, usimpigie siku za furaha tu.

FundiBarafu

Shikamoo mama, na asante sana. Wakubwa wote asanteni.

Leo nilikuwa ofisi ya kazi. Jina la wakala hawakuliona kwenye orodha yao. Nikamwandikia anitumie mshahara wa msingi na posho ya chakula kwa maandishi, na nikamwambia silipi. Kajibu kwamba nafasi imeshachukuliwa.

Nimeumia, siwezi kusema uongo. Mama nimempigia, ng'ombe wapo.

Pale ofisini wamenipa majina ya mawakala waliosajiliwa, Jumatatu naanza kuwafuata. Na leo zamu ya mchana msimamizi kaniagiza kitu kuhusu kompresa namba tatu, sikumpata vizuri, nikamwomba arudie. Alinitazama kidogo, halafu akarudia.

Mzee_wa_Geji, nikija Buzuruga Jumapili utanionyesha hizo geji za R-410A? Huku kwetu kiwandani gesi ni amonia tu.

Mzee_wa_Geji

Njoo saa tatu asubuhi, kabla wateja hawajawa wengi. Na daftari.