Mrejesho: seli za ini la panya buku sasa zinatoka hai

Wadau, niliuliza kwa nini seli za ini tunazotenganisha kwa kolajenesi (kimeng'enya kinachoyeyusha kolajeni inayoshikilia seli) zinatoka nusu zimekufa. Asanteni. Makosa yalikuwa mawili, na la kwanza ndilo lililotumaliza.

Chombo cha maji moto kilisoma 37 °C, lakini bafa (maji ya chumvi tunayopitisha kwenye mishipa ya ini) ilipoa njiani kwenye mpira wa kuipitishia na kufika kwenye kanula, kibomba kinachoingia kwenye mshipa, ikiwa 32. Kolajenesi ikazembea, tukaongeza muda hadi dakika 20, na seli zikafia humo humo. Sasa maji yako 42, mpira umefupishwa, na joto linapimwa mdomoni mwa kanula.

La pili ni EGTA, kemikali ya kwenye bafa ya kwanza. Inanyonya kalsiamu ili seli ziachiane, lakini kolajenesi nayo haifanyi kazi bila kalsiamu! Kwa hiyo katikati tunapitisha bafa isiyo na EGTA dakika 2, ndipo kolajenesi 0.5 mg/ml yenye kalsiamu kloridi 5 mM. Ukilibonyeza ini taratibu kwa koleo na alama ikabaki, simamisha hapo hapo. Kwetu ni kama dakika 8.

Kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha ili seli zishuke chini) ni 50 g, yaani mara 50 ya nguvu ya mvutano, dakika 3, mara tatu. Ukizidisha kasi, seli ndogo za aina nyingine na mizoga ya seli vinashuka pamoja na seli unazotaka.

Tripani bluu (rangi inayoingia kwenye seli zilizokufa tu): 88% hai. Safari moja pande dogo la ini lilibaki jekundu, halikupauka kama mengine. Kiputo cha hewa kilikuwa kimeziba mshipa, bafa haikufika hapo. Tumeweka mtego wa viputo kabla ya kanula.