Sensa ilitukuta milioni 61. Sasa nani aamue tuzae wangapi?

MkungaWaZiwa

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni muuguzi mkunga, huu mwaka wa 17 nipo kituo cha afya huku Kanda ya Ziwa. Naomba tulijadili hili bila matusi, maana kila likiguswa linageuka ugomvi wa vyama.

Sensa ya 2012 ilituhesabu Tanzania watu milioni 44.9. Ya 2022 ikatukuta 61,741,120. Karibu milioni 17 wameongezeka ndani ya miaka kumi. Kuna anayesikia hivyo akaona nguvu kazi na soko. Mimi naiona wodi yangu. Tuna vitanda vinane vya wazazi. Jumatano usiku nilikuwa na wazazi 15, wamelala mzungu wa nne, na mmoja alitandika kanga yake sakafuni kwa sababu aliona haya kumbana mwenzake aliyetoka kujifungua.

Huyo wa sakafuni ndiye aliyenifanya niandike. Kadi yake ya kliniki inasema: umri 29, mimba ya 8, watoto hai 5. Alipojifungua damu ikawa haikatiki. Dripu, sindano ya kukaza kizazi, mkono wangu juu ya tumbo lake nasugua mpaka saa kumi alfajiri. Nguvu ziliporudi, hakuanza kuuliza habari za mtoto. Alinivuta gauni akanong'ona: "Nesi, ile sindano ya miezi mitatu naweza kuchomwa kabla baba watoto hajaja kunichukua?"

Nikamwambia ya sindano asubiri wiki sita kwa kuwa ananyonyesha, ila vijiti vya uzazi wa mpango naweza kumwekea leo leo. Akakataa. Vijiti vinapapaswa mkononi, mumewe atavijua.

Swali langu kwenu: tunabishana miaka nenda rudi, wengine "zaeni", wengine "punguzeni". Mama huyu tunamwambia nini?

Mkulima_Mpanda

Dada nesi, pole na kazi, lakini sikubaliani nawe. Mimi ni mtoto wa tisa kwa mama yangu. Hayo mahesabu yenu yangefika kijijini kwetu mwaka ule, mimi nisingekuwepo, na ndiye ninayemlisha huyo mama leo. Ardhi ipo. Toka hapa Mpanda elekea Tabora uone mapori yalivyolala.

Wachina walibana watu mtoto mmoja mmoja tangu 1980, wakaja kuacha wenyewe, 2021 wakaruhusu watatu, na mwaka uliofuata watu wao wakaanza kupungua. Korea Kusini 2023 mwanamke mmoja alikuwa kwenye wastani wa mtoto 0.72. Wazee watupu. Hayati Magufuli aliyasema haya Meatu 2018, kwamba mkulima anayelima hana haja ya kuogopa watoto, wakamshambulia. Mtoto huja na riziki yake.

Mwl_Darasa1

Mkuu Mkulima, hiyo riziki mimi naipokea asubuhi saa moja na nusu. Darasa langu la kwanza lina watoto 164. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 wanakuja wengi, na nafurahi wanakuja, nisieleweke vibaya. Ila kusahihisha daftari 164 za "a e i o u" kwa kipindi kimoja haiwezekani. Nasahihisha safu mbili za mbele. Wa nyuma hukaa wiki nzima hawajaona tiki yangu. Kuna binti mmoja huwa anasogea mbele kidogo kidogo kila siku ili daftari lake lifikiwe.

Usinijibu kwamba serikali ijenge madarasa. Inajenga. Yakiisha kupakwa rangi tayari yamejaa.

Bi_Mvita

Salamu kutoka Mombasa. Jamani, msiende Uchina, njooni hapa jirani. Mwishoni mwa miaka ya sabini mwanamke wa Kenya alikuwa na wastani wa watoto wanane. Mama yangu alizaa tisa. Utafiti wa 2022 umekuta 3.4. Hakuna aliyekamatwa, hakuna aliyetozwa faini. Wasichana walikaa shule, na zahanati zikawa na dawa. Mimi nina watatu na hakuna aliyenipangia, nilichoka tu kuhesabu vichwa vya ndugu zangu kwenye kitanda kimoja.

Huko kwenu sheria ya ndoa ya 1971 bado inamruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa wazazi wakiridhia? Anzieni hapo.

KijanaMbezi

Naunga mkono hilo la sheria. Na tuseme na zuri: tangu Novemba 2021 binti aliyezaa anaruhusiwa kurudi darasani. Nesi, swali moja. Mimi nina mke na mtoto mmoja, sijawahi kuingia chumba cha uzazi wa mpango. Mwanaume akija mnamfukuza?

MkungaWaZiwa

Hatufukuzi mtu, mdogo wangu. Njoo naye. Anayekuja na mumewe hatoki amejificha.

Kaka Mkulima, sijamwambia mtu azae wawili. Anayetaka tisa na mwili unamruhusu, nitamzalisha wote tisa kwa moyo wangu wote. Ninachogombea ni yule anayetaka kupumzika akakosa pa kupumzikia. Hata vifo vya wazazi vimeshuka: utafiti wa 2015-16 ulisema 556 kwa kila vizazi hai 100,000, wa 2022 ukasema 104. Lakini mama wa mimba ya 8 bado ndiye anayenitoa jasho usiku, kizazi chake kimechoka kukaza.

Mumewe alikuja asubuhi na bodaboda, kavaa shati la kanisani, kamletea uji kwenye chupa. Si mtu mbaya. Siri ya mkewe sikuitoa, nilimweleza tu kama ninavyowaeleza wote, kwamba mwili huu unahitaji angalau miaka miwili. Alisikiliza akiwa ameshika kofia. Akauliza kama dawa hizo haziui kizazi moja kwa moja. Nikamjibu haziui, akiacha anazaa tena, ila baada ya sindano huchukua miezi kadhaa. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Nimekuelewa, nesi. Ila nyumbani mwenye neno ni mama yangu."

Kwa hiyo kadi ya pili ya yule dada, ya uzazi wa mpango, nimebaki nayo mimi. Nimeiweka kabatini kwenye boksi la glovu, pamoja na nyingine 43 za wenzake. Wiki ya sita inaangukia siku ya gulio, atasema anakuja kununua dagaa.