Mfalme wa Uingereza aendelee kupakwa mafuta na kuvishwa taji, au kiapo kinatosha?

KALAMU KAVU (mwanzisha mada)

Wakuu, heshima kwenu. Msimamo wangu nautaja mapema ili asije mtu akanishika shati baadaye: sherehe ya kumtawaza mfalme wa Uingereza ifutwe, kibaki kiapo peke yake, nacho akile bungeni mbele ya watu waliopigiwa kura.

Wengi hudhani Charles alipata ufalme ile Mei 6, 2023, Askofu Mkuu Justin Welby alipomwekea taji kichwani pale kanisa la Westminster Abbey, London. Hapana. Ufalme aliupata Septemba 8, 2022, mama yake alipokata roho. Kwa sheria zao kiti hakikai wazi hata kwa muda wa kupepesa jicho. Miezi minane iliyofuata aliidhinisha sheria, akamteua Rishi Sunak kuwa waziri mkuu, na hakuna taji lililokuwa limemgusa. Edward wa Nane kawazidi wote: alitawala siku 326 ndani ya 1936, hakutawazwa kabisa, na idhini yake ya kifalme ilikuwa na nguvu kiasi kwamba ndiyo iliyopitisha sheria ya kujiuzulu kwake mwenyewe. Tarehe waliyokuwa wamempangia, Mei 12, 1937, haikupotea. Akatawazwa mdogo wake.

Sasa taji lisilomfanya mtu kuwa mfalme kazi yake nini?

Nitajibiwa ni mila. Mila naiheshimu, ila hii nimeifuatilia na nimeikuta imekatwa na kushonwa upya kama kanzu ya kurithi. Ibada yenyewe ina mizizi kwa Edgar, aliyetawazwa Bath mwaka 973, na Westminster Abbey wanatawazana tangu William Mshindi, siku ya Krismasi 1066. (Siku hiyo walinzi wa nje walisikia watu wakipiga kelele za kumkubali mfalme, wakadhani ni ghasia, wakatia moto nyumba za jirani. Mwanzo mzuri huo!) Lakini taji wanaloliita la Mtakatifu Edward limefuliwa 1661. Lililokuwepo kabla liliharibiwa baada ya Charles wa Kwanza kukatwa kichwa 1649. Katika vifaa vya zamani vya kutawazia kilichonusurika ni kijiko cha mafuta cha karne ya 12. Karamu ya Westminster Hall, ambapo shujaa wa mfalme aliingia juu ya farasi na kutupa glavu chini akimtafuta mpinzani, mwisho wake ulikuwa 1821. William wa Nne aliyefuata hakutaka kutawazwa hata kidogo. Wakambembeleza, akakubali ya bei nafuu mwaka 1831, karamu akaifuta. Na utaratibu tunaoushangaa kwenye televisheni, kila mguu ukitua mahali pake, ni wa juzi tu: Victoria mwaka 1838 askofu alimsukumia pete kwenye kidole kisicho chake, kuivua ikawa kazi.

Kwa hiyo mkasi umepita mara nyingi. Mimi naomba upite mara moja zaidi.

Halafu kuna fedha. Hesabu ya serikali yao kwa utawazo wa Charles, iliyotoka mwishoni mwa 2024, ni pauni milioni 72: milioni 50 na ushei za sherehe, karibu milioni 22 za ulinzi. Hiyo ni kodi. Kabla ya siku yenyewe YouGov, kampuni ya kura za maoni, waliuliza watu, asilimia 51 wakasema serikali isilipie.

Majirani zao walishaacha. Norway waliondoa utawazo kwenye katiba 1908. Felipe wa Hispania mwaka 2014 alikula kiapo bungeni, taji likawekwa pembeni, hakulivaa. Frederik wa Denmark, Januari 2024, alitangazwa na waziri mkuu kibarazani pa jumba la Christiansborg, akapunga mkono, yakaisha. Ulaya nzima amebaki Mwingereza peke yake na mafuta na taji. Karibuni.

MKULIMA WA KAHAMA

Maji hayajatoka siku ya tatu leo, nyie mnagombea taji la mzungu.

BAHARIA WA FORODHANI

Mkulima, maji yana uzi wake, kaufungue nasi tutakuja kuchangia.

Kalamu, mie nataka kutia neno kwenye mafuta, maana umeyaruka. Mafuta ya kuwapaka hawa wafalme zamani yalitiwa ambari na zabadi. Ambari mnaijua, ya nyangumi, ile wazee wetu wakiiokota ufukweni huona wametajirika. Zabadi ni ya fungo. Haya ya Charles hayakuwa na kitu cha mnyama hata tone. Zeituni zilichumwa Mlima wa Mizeituni, zikakamuliwa karibu na Bethlehemu, mafuta yakaombewa Yerusalemu, Kanisa la Kaburi Takatifu, Machi 3, 2023. Yakatiwa manukato ya ufuta, waridi, yasmini, mdalasini. Wallahi ukisoma orodha utadhani ni chano cha bibi harusi wa Mji Mkongwe.

Sasa tazama: hata kile wanachokiita kitakatifu kuliko vyote wamekibadilisha ili kiende na wakati, na ibada haikuvunjika. Basi kwa nini uifute? Punguza. Mwaka 1953 waliingizwa wageni zaidi ya 8,000 mle kanisani, 2023 wakawa kama 2,300. Inapungua yenyewe, iache ipungue. Mwaka huo wa 1953, kwa taarifa yenu, Seyyid Khalifa bin Harub wetu, Sultani wa Zanzibar, alikuwemo kwenye msafara wa magari ya farasi. Tulipelekwa kupamba.

BI MKUBWA WA READING

Wanangu, mimi nilikwenda. Nilitoka Reading na treni ya alfajiri, nikasimama barabara ya The Mall na mvua juu yangu, begi la vitafunwa mgongoni. Naishi nchi hii mwaka wa 22, kodi nalipa, kwa hiyo katika hizo milioni 72 na zangu zimo.

Kalamu, umeeleza taji vizuri, lakini taji si kiini cha ibada ile. Kiini ni pale kabla ya taji. Wanamvua. Mfalme anavuliwa joho, anavuliwa koti, anabaki na shati jeupe kama mtu anayesubiri daktari. Ndipo anapakwa mafuta mikononi, kifuani na kichwani. Mtu aliyezaliwa kwenye kasri, ambaye maisha yake yote anavishwa, siku hiyo moja mbele ya nchi nzima anavuliwa. Nioneshe bunge gani litamvua. Akienda bungeni ataingia amevaa sare na nishani zote, atasoma karatasi, atatoka jinsi alivyoingia.

Hao wa Denmark ninawaheshimu, ila kutangazwa kibarazani hata mimi ningeweza.

KALAMU KAVU

Shikamoo Bi Mkubwa. Hoja ya kuvuliwa imenigusa, sikatai. Lakini si mbele ya nchi nzima. Walimzungushia pazia pande tatu. Mwaka 1953 nako walimfunika Elizabeth kwa kitambaa cha dhahabu na kamera zikageuzwa. Kama funzo ni unyenyekevu, mbona mwanafunzi na darasa wametenganishwa? Tukaoneshwa dhahabu saa mbili nzima, shati jeupe tukaliona kwa sekunde.

BI MKUBWA WA READING

Marahaba mwanangu. Siku bibi harusi anaposingwa, nani huita mpiga picha? Na wewe mwenyewe yaliyopita kwenye kumbi la jando uliyaandika kwenye uzi? Kuna jambo linafanywa kweli kwa sababu halitazamwi.

WAKILI MSOMI

Naomba kuweka rekodi sawa, pande zote mbili.

Kiapo kinatokana na sheria ya mwaka 1688, na sheria hiyo inakiambatanisha na kutawazwa. Kwa hiyo Kalamu hawezi kufuta sherehe akabakiza kiapo bila bunge kuigusa sheria hiyo. Ndani ya kiapo hicho mfalme anaahidi kulilinda Kanisa la Uingereza. Ukimtoa askofu hujaokoa pauni milioni 50 tu, umeingia kwenye ndoa ya kanisa na dola, na talaka hiyo si ya siku moja. Mwaka 2023 walijaribu kuizunguka: kabla ya kiapo askofu alisoma maelezo kwamba kanisa litajitahidi watu wa dini zote waishi kwa uhuru, na baadhi ya vifaa vya kifalme vilikabidhiwa na wajumbe wa Baraza la Malord ambao ni Mhindu, Singasinga, Mwislamu na Myahudi. Sunak, ambaye ni Mhindu, alisoma Waraka kwa Wakolosai. Maneno ya kiapo chenyewe yakabaki ya Kiprotestanti.

Ila Kalamu ana silaha ambayo hajaitumia. Kiapo cha kulilinda Kanisa la Scotland Charles alikila Septemba 10, 2022, siku ya tatu tu ya ufalme, kwenye baraza lililomtangaza pale kasri la St James's. Meza, kalamu na mashahidi. Hakuna aliyesema Waskoti wamepunjwa.

MWANA WA NYERI

Nawasoma nikicheka kidogo. Kwetu Nyeri ndiko Elizabeth alikopatia umalkia. Usiku wa kuamkia Februari 6, 1952 alikuwa hoteli ya Treetops, juu ya mti, akitazama wanyama wakinywa maji, na baba yake akafa usiku huo Sandringham, huko Uingereza. Habari ilimfikia mchana, Sagana. Hakuwa na askofu wala mafuta. Huko Uingereza alitawazwa baada ya karibu miezi 16, Juni 2, 1953. Hapo Kalamu ameshinda.

Lakini Bwana Kalamu, unatuuzia kiapo kana kwamba ndicho dawa. Siku hiyo ya Juni aliapa kutawala watu wa makoloni yake kwa kufuata sheria na desturi zao, na kwamba haki itatendeka kwa huruma. Kenya ilikuwa kwenye hali ya hatari tangu Oktoba 1952. Kenyatta alikuwa amehukumiwa Kapenguria Aprili, miezi miwili kasoro kabla ya kiapo. Na mwaka huo huo, huku kwetu, kumlisha mtu kiapo cha Mau Mau kulikuwa kosa la kunyongwa. Unaona? Kiapo cha London kilipigiwa tarumbeta, kiapo cha Nyeri kikapata kamba.

Mwanawe alikuja Nairobi Oktoba 2023, akasema hapakuwa na kisingizio kwa maovu yale. Miaka 70 baadaye. Kwa hiyo mkiniuliza nichague baina ya mafuta na kiapo, mimi naona mafuta angalau hayakuniahidi chochote.

KALAMU KAVU

Mwana wa Nyeri, umenikalisha. Nimekaa na maneno yako tangu jana.

Nirekebishe hoja basi. Nilitaka kiapo bungeni kwa kuwa ni rahisi na ni cha sheria. Sasa nakitaka bungeni kwa sababu yako: kanisani hakuna anayeweza kuuliza. Askofu anauliza maswali aliyoandikiwa, mfalme anajibu majibu aliyoandikiwa, kwaya inapokea. Bungeni angalau yupo mtu ambaye kazi yake ni kusimama na kusema, "Mwaka jana uliapa hivi, mbona imekuwa vile?" Sisemi wabunge wa 1953 wangefanya hivyo kwa ajili ya Nyeri. Wengi wasingefanya. Lakini mlango ungekuwepo.

Na kwenye ibada yenyewe kuna sehemu inayonifanya nione mlango huo uliwahi kuwepo. Mwanzoni kabisa mfalme anaoneshwa kwa pande nne za kanisa, na watu wanaombwa wamkubali. Ni lile swali la 1066, lililozaa kelele na moto. Asili yake ni swali hasa: mnamtaka huyu? Siku hizi limebaki tangazo, na jibu limeshachapwa kwenye kitabu cha ibada.

BAHARIA WA FORODHANI

Tena 2023 walitaka kuliongezea. Mnakumbuka ule mpango wa watu walioko majumbani wasimame mbele ya televisheni waape utii kwa sauti? Kelele zilizozuka, siku yenyewe askofu akalilegeza, likawa mwaliko tu, mwenye kutaka aseme.

BI MKUBWA WA READING

Mie sikusema. Mdomo ulikuwa na sandwichi.

Lakini Kalamu, hapo kwenye swali la kumkubali umenipata, na nitasema nilichokiona. Asubuhi ile nilipita upande wa Trafalgar Square. Walikuwepo watu wenye mabango ya njano yaliyoandikwa "Si mfalme wangu". Vijana, wazee, wametulia, wanapiga kelele za kawaida. Sikupendezwa nao, nilikuja kumwona mfalme wangu. Baadaye nikasoma kwamba kiongozi wao, Graham Smith wa kundi la Republic, na wenzake watano walikamatwa mapema kabla hata ya kushusha mabango garini, kwa sheria mpya ya mikusanyiko iliyokuwa imepata idhini ya mfalme Mei 2, siku nne tu nyuma. Polisi walidhani kamba zao za kufungia mizigo ni za kujifungia barabarani. Wakakaa ndani kama saa 16, kisha polisi wakasema wanasikitika.

Ibada naitaka ibaki, na shati jeupe libaki, na pazia libaki. Ila siku hiyo, mfalme alipooneshwa pande nne na watu wakaombwa wamkubali, baadhi ya waliokuwa na jibu jingine walikuwa selo.