Fahamu ina namba? Sayansi hii au tunapigwa?

Mwl_Chaki: Wakuu, huyu Tononi, mtafiti wa ubongo, toka 2004 ana nadharia inayotuambia fahamu ni kitu cha msingi kabisa, kama masi au chaji, na inapimika, namba yake inaitwa fai, inapima mfumo mzima unavyozidi vipande vyake ukivitenganisha, ikiwa sifuri basi humo ndani hamna mwenyewe. Mnaionaje?

binti_Makorora: Tunapigwa. 2023 wasomi 124 walisaini barua wakaiita nadharia hiyo sayansi bandia, na wewe mwalimu mzima unatuletea.

Mwl_Chaki: Saini sio hoja dada. Halafu "mwalimu mzima" ndo nini?

Fundi_Redio: Mi naulizia kitu kidogo, si wanasema lazima mfumo uwe na mzunguko, kinachotoka kirudi ndani? Ampli nayo ina fidibaki. Basi hapa kibandani nina wagonjwa kumi na moja 😂

mchungwa77: Hesabu waachieni wenye hesabu, mafundi rudini kwenye solda.

Fundi_Redio: Heeh! Solda hiyo inasomesha watoto wawili bwana. Na nilichouliza Scott Aaronson kakiuliza 2014, yule ni mtu wa hesabu haswa, akaonyesha geti za XOR, vile vijisakiti vya kompyuta, ukiziunganisha nyingi kwa mpangilio fulani, zimekaa tu hazifanyi la maana, fai yake inampita binadamu. Tononi wala hakubisha, akasema ndiyo, hata ukizipanga kwenye gridi ya kawaida tu, ikiwa kubwa ina fahamu. Haya nani arudi kwenye solda?

mchungwa77: Umegugo sasa hivi

Fundi_Redio: Na wewe ungegugo kabla ya kutukana watu

Mwl_Chaki: Jamani tusitoke nje ya mada. Kinachonitatiza mi ni kwamba kale kamnyoo ka maabara, C. elegans, ka neuroni (seli za neva) 302 tu, kompyuta haiwezi kukokotoa fai yake kamili, maana inabidi ujaribu kila namna ya kuukata mtandao vipande na namna zenyewe haziishi. Mizani gani hii isiyopima hata mnyoo?

jahazi_la_mchana: Si ndo hawa watu wa fahamu walibetiana bia?

binti_Makorora: Wine, kreti nzima. Koch, mtafiti wa ubongo anayeiunga mkono nadharia ya Tononi, kambetia mwanafalsafa Chalmers 1998 kwamba ndani ya miaka 25 tutaijua alama ya fahamu kwenye ubongo. 2023 kalipa, New York, mbele za watu.

jahazi_la_mchana: Kreti moja ina chupa ngapi?

mchungwa77: Kwa hiyo mwanafalsafa kashinda. Fundi upo?

Fundi_Redio: Nipo. Nasubiri uombe radhi kwanza, fahamu baadaye.